Mtakatifu Kayumba na Shule ya Parokia

Mhadhara kwa wazazi, ukumbi wa parokia, Morogoro



 Nahofia mmemwalika mtu asiye sahihi. Barua ilisema nije kuzungumzia umuhimu wa shule ya parokia, na jana mwenyekiti wa kamati ya shule alinipigia simu kunikumbusha kwamba fomu za kujiunga zitauzwa pale mlangoni. Nimeziona, na sina neno na atakayenunua. Lakini mimi nimefundisha miaka 19 katika shule za serikali na miaka 11 katika shule ya kanisa. Nikisimama hapa kupigia debe fomu peke yake, nusu ya maisha yangu itanicheka.

Nianze na jina. Mtaani shule ya msingi ya serikali inaitwa Kayumba, na wenye utani zaidi wamempandisha daraja wakamwita Mtakatifu Kayumba. Hakuna Papa aliyemtangaza. Mtoto wa jirani anapanda basi la njano lenye jina la mtakatifu ubavuni. Wako anakwenda kwa miguu na fagio mkononi. Ukiulizwa anasoma wapi unajibu, "Kwa Mtakatifu Kayumba," mnacheka, yanaishia hapo. Mimi utani huu naupenda, maana umesema kweli bila kukusudia. Jumapili ijayo, Misa ya watoto ikiisha, simameni mlangoni mhesabu wangapi kati yao kesho yake watavaa shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Huyo Kayumba ndiye msimamizi wa watoto wengi wa parokia hii, tupende tusipende.

Sasa tukumbushane tulikotoka, kwa sababu naona wazazi wengi wanachagua leo kwa kumbukumbu ya shule ambayo haipo tena.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na watoto wa kwanza wa shule yao walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Yule mtoto hakuchaguliwa shule na mzazi. Mzazi wake hakujulikana alipo. Baadaye shule zikasambaa hadi huku kwetu na hadi milimani: katekista, ubao, kivuli cha mwembe, katekisimu na hesabu za kujumlisha. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya mkoloni Mwingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake, maana kwa kufanya hivyo ilipata shule kwa bei ya chini kuliko kujenga zake. Hadi tunapata uhuru, sehemu kubwa ya shule za nchi hii ilikuwa mikononi mwa misheni. Kwa mtu wa kijijini swali la mada yetu ya leo halikuwapo. Shule ilikuwa moja, na ilikuwa pale palipo na kanisa.

Kwa wenzetu Marekani ilikuwa kinyume. Kule shule ya umma ilitangulia, nayo ilinuka Uprotestanti, ndipo maaskofu wakakutana Baltimore mwaka 1884 na kuagiza kila parokia iwe na shule yake. Watoto wa Wairishi na Wapolandi walijengewa shule ya parokia ili kuwakinga na shule ya umma. Nawataja kwa sababu siku hizi nasikia hoja zao vinywani mwetu, kwamba shule ya parokia ni boma na huko nje kuna mbwamwitu. Hoja hiyo haikuzaliwa hapa. Hapa mzee wetu alimpeleka mtoto misheni kwa sababu ndiko kulikokuwa na kalamu.

Na mtazameni Mwalimu Nyerere. Mkatoliki anayejulikana kuliko wote katika historia ya nchi hii alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akaenda Tabora, shule ya serikali. Alibatizwa mwaka 1943, amekwishamaliza Tabora. Shule ya Kikatoliki aliiingia akiwa mwalimu: kwanza St. Mary's ya Tabora, kisha Pugu, ambako aliacha kazi mwaka 1955 kwa sababu ya siasa. Kwa hiyo imani yake haikutoka kwenye sare. Na ni yeye huyuhuyu, aliyekuwa akihudhuria Misa mara nyingi kuliko wengi wetu hapa, ambaye serikali yake ilipitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na kuzitwaa shule za misheni.

Najua neno "kutaifisha" bado linawauma wazee wengine humu. Walijenga kwa jasho, kikaja kibao kipya. Lakini tuseme na upande wa pili. Nchi ilikuwa na watoto Waislamu na watoto wa dini za jadi ambao mlango wa shule kwao ulikuwa mlango wa kanisa, na wazazi wao waliogopa kuuingia. Wengine waliuingia wakatoka na jina jipya. Taifa linalotaka kuwa moja lisingeweza kuendelea hivyo. Naungana na Mwalimu katika hilo. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba ukichukua majengo umechukua na shule.

Ila hata hapo nina ushahidi unaonipinga, na upo mwendo mfupi kutoka ukumbi huu. Kilakala. Wengi wenu mnaijua kama shule ya wasichana ya serikali, ya vipaji maalumu, chini ya milima ya Uluguru. Kabla ya hapo iliitwa Marian College, ya masista wa Maryknoll. Ukuta ni uleule, serikali ikaendelea kuilisha walimu na kuichagulia wasichana wenye akili, nayo haikufa. Mtu akikwambia shule ikiwa ya serikali imekwisha, mpandishe bodaboda umpeleke Kilakala. Akikwambia shule ni nzuri popote, serikali ikiamua, mwulize basi mbona imeamua kwa chache tu.

Shule binafsi zilipofunguliwa milango tena miaka ya 1990, Serikali na makanisa walitia saini makubaliano mwaka 1992 kuhusu huduma za elimu na afya (makubaliano ambayo ndugu zetu Waislamu waliyalalamikia, nao wana haki ya kusikilizwa), na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakaribisha sekta binafsi. Hapo ndipo ilipozaliwa shule ya parokia tunayoijua leo. Na hii, wazazi wenzangu, ndiyo sehemu ninayotaka tukae nayo kidogo.

Shule ya misheni aliyosoma bibi yako ilifundisha kwa Kiswahili, ilipokea mtoto wa kila kaya, na karo yake mara nyingine ililipwa kwa kuku. Shule ya parokia ya leo, kwa sehemu kubwa, ni ya mchepuo wa Kiingereza, ina usaili, ina ada ya mihula, na mlinzi wake ana orodha ya wanaodaiwa. Silaumu. Serikali haiwalipi walimu wa shule hiyo; mishahara, umeme, dizeli ya basi, vyote vinatoka kwenye ada. Lakini ni shule nyingine. Jina la parokia limebaki, biashara imebadilika. Anayesema "nampeleka mtoto kwa masista kama mama alivyonipeleka mimi" hafanyi alichofanya mama yake. Mama yake alimpeleka shuleni pamoja na watoto wa kijiji kizima, yeye anamtoa mtoto wake katikati yao.

Nimeishi katika parokia moja, sitaitaja, ambako shule ilijengwa kwa michango ya jumuiya ndogo ndogo. Kila kaya ilipangiwa, kuna waliotoa fedha, kuna waliotoa matofali, na mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alitoa mifuko miwili ya saruji aliyoinunua kwa kuuza maandazi. Siku ya uzinduzi alipiga vigelegele kuliko wote. Ada ilipotangazwa alinifuata nyumbani na karatasi, akaniomba nimsomee tena, akidhani amekosea sifuri. Wajukuu zake watatu wote wamesoma Kayumba. Kila Jumapili wanapita mbele ya madarasa yale. Sijui saruji yake ipo ukuta upi.

Basi ada inanunua nini? Niwe mkweli kama mtu aliyewahi kukaa ofisi ambako inapokelewa. Inanunua muda. Mwaka mmoja, shule ya serikali, nilipewa darasa la tatu lenye watoto 112. Miongozo inazungumzia watoto 45 kwa darasa. Ukitumia dakika moja tu kusahihisha daftari moja, hesabu peke yake inakula karibu saa mbili, na bado Kiswahili, bado Kiingereza. Nilichofanya ndicho wanachofanya walimu wote: niliwajua kumi wa mbele kwa sababu ya akili, kumi wa nyuma kwa sababu ya ukorofi, na wale wa katikati niliwajua kwa majina ya kwenye rejesta. Nilipohamia shule ya kanisa nilipewa watoto 38. Wiki ya tatu nilikuwa najua nani haoni ubaoni. Kipaji changu kilikuwa kilekile.

Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada, na Serikali hupeleka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambazo 6,000 ndizo zinazoingia shuleni na zinazobaki ni za vitabu. Shule yenye watoto 1,000 inapata milioni sita. Gawanya kwa miezi 12: laki tano za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Anayeshangaa kwa nini mwalimu mkuu bado anaitisha kikao cha michango ya uji hajapiga hesabu hii. Haina ada, kweli. Bure ni neno jingine.

Ada hainunui ualimu bora kwa uhakika. Mwalimu wa shule ya parokia mara nyingi ni kijana anayesubiri ajira ya serikali, kwa sababu serikalini kuna utumishi wa kudumu na kuna pensheni. Ajira zikitangazwa, ofisi ya walimu inakuwa kama stendi ya Msamvu jioni ya sikukuu. Nimewahi kupoteza walimu wanne katika mwezi mmoja, katikati ya muhula. Mzazi anayekuja kukagua shule huangalia vyoo na kompyuta. Mwulize mwalimu mkuu walimu wake wana miaka mingapi hapo, umtazame usoni.

Halafu kuna mchujo. Kwa miaka mingi tulipenda kusikia shule kumi bora. Katika matokeo ya kidato cha nne tulizoea kuziona shule kama Marian ya Bagamoyo na St. Francis ya Mbeya juu kabisa, nasi Wakatoliki tulitembea vifua mbele. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza orodha hizo. Wengi walinung'unika, mimi nilipumua. Sizungumzii shule hizo mbili. Nazungumzia nilichofanya mimi, kwingine kabisa, ngazi ya msingi. Tulikuwa na wastani. Mtoto asiyeufikia hakuvuka kwenda darasa la saba akiwa na sisi. Serikali ilikuwa ikikemea, nasi tuliliita jambo hilo "ushauri kwa mzazi". Mwaka mmoja nilimshauri baba wa mtoto mpole, mtumishi wa altareni, aliyekuwa anakosa alama sita. Baba alinisikiliza, akauliza swali moja: "Mwalimu, aende wapi?" Nikamtajia Kayumba iliyo jirani. Matokeo yalipotoka tulikuwa na A na B tupu, tukafanya Misa ya shukrani. Yule mtoto alikuwapo altareni, ameshika chetezo.

Kwa hiyo mkiambiwa shule yetu haijawahi kufelisha, ulizeni walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi.

Lugha nitaipitia haraka, kwani mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeyavuruga mengi na haujatulia. Nitasema kitu kimoja tu. Nimekuta mtoto wa shule ya parokia anasali Salamu Maria kwa Kiingereza, vizuri, kwa mkao mzuri. Jioni bibi yake anaanza rozari kwa Kiswahili, mtoto anachezesha midomo bila sauti. Tumemlipia ada asali kanisani kwetu, na hawezi kusali sebuleni kwetu. Hili linarekebishika kwa wiki mbili za jioni, lakini nyumbani lazima awepo mtu wa kuliona. Na bweni ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, na wapo wazazi Wakatoliki wazuri kabisa waliolalamika kwamba watawaweka wapi. Wawaweke nyumbani!

Sasa nifike kwenye dhamiri, kwa sababu najua baadhi yenu mmekuja na mzigo. Mmeambiwa, au mmejiambia, kwamba Mkatoliki mwema humpeleka mtoto shule ya Kikatoliki. Sheria ya Kanisa ipo, kanuni ya 798, na mara nyingi husomwa nusu. Nusu ya kwanza inawataka wazazi wawakabidhi watoto wao kwa shule zinazotoa elimu ya Kikatoliki. Wasomaji wengi wanafunga kitabu hapo. Nusu ya pili inasema wasipoweza, wanawajibika kuhakikisha watoto wanapata elimu hiyo ya imani nje ya shule. Kanuni haisemi asiyeweza ni mdhambi. Na asiyeweza ni nani? Ni yule anayeweza kulipa ada kwa kukopa, akauza shamba la Mvuha, akashindwa kumtibu mama yake? Kwangu mimi huyo hawezi, na asijilazimishe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulikwenda mbali zaidi. Kuna sehemu nzima, ya saba, inayohusu watoto wanaosoma katika shule zisizo za Kikatoliki, na inasema Kanisa liwepo kwao kwa upendo na msaada wa pekee. Tafadhali sikieni mpangilio huo. Deni halijawekwa kwa mzazi wa Kayumba peke yake. Limewekwa kwetu, hapa, kwa parokia.

Tunalilipaje? Shule za serikali zina kipindi cha dini. Kipo kwenye ratiba, kinapigiwa kengele. Masheikh na maustadhi huja, wachungaji huja. Katika shule ya mwisho niliyofundisha kabla ya kustaafu, watoto Wakatoliki walizidi mia mbili. Nilikaa pale miaka minne. Katekista alikuja muhula wa kwanza, baiskeli yake ikaharibika, hakurudi. Parokia hiyohiyo ilikuwa inajenga uzio wa shule yake ya mchepuo wa Kiingereza. Watoto wetu walikaa chini ya mti saa nzima wakipiga gumzo, na wachache waliingia darasa la Walokole kwa sababu kule kulikuwa na ngoma. Miaka mitano baadaye tunaitisha semina kuuliza vijana wanahamia wapi. Walihama wakiwa darasa la nne, saa nne asubuhi, na aliyepaswa kuwazuia hakuwa na tairi.

Jirani zetu Kenya wana njia nyingine. Shule nyingi za umma kule zilianzishwa na Kanisa na bado lina nafasi ya udhamini ndani yake. Mang'u, iliyoanzia Kabaa mwaka 1925 chini ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ni shule ya umma na ina mdhamini Mkatoliki. Hawakosi ugomvi juu ya mipaka ya udhamini huo. Lakini angalau wamejua kwamba shule inaweza kuwa ya nchi na Kanisa likawa na kiti ndani. Sisi kiti tunacho, ni kile kipindi kimoja kwa wiki. Tumekiacha wazi.

Mtaniuliza: basi tuchague nini? Nilipokuwa na watoto wadogo nilichagua mara mbili, tofauti. Wa kwanza alikuwa mzungumzaji, mgomvi, anapata marafiki kwenye foleni ya maji. Alisoma Kayumba, akajua kugombania dawati na kuishi na akina Juma na akina Neema bila kuuliza nani anasali wapi. Wa pili alikuwa na kigugumizi. Katika watoto 112 angenyamaza miaka saba. Tuliuza pikipiki, akaenda kwa masista, na sista mmoja alikaa naye kila mchana hadi akasoma somo la kwanza kwenye Misa. Fedha ile sijawahi kuijutia. Na wa kwanza sijawahi kumwonea huruma. Sikuchagua shule bora mara mbili. Mara mbili nilimtazama mtoto kwanza.

Mama mmoja pale nyuma ameniandikia kikaratasi, naona Baba Paroko amenipitishia. Anasema mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza Januari, na anataka kujua nimenunua fomu au sikununua. Morogoro hakuna siri. Sikununua. Anakwenda Kayumba, dakika kumi kwa miguu, ni mtoto mchangamfu na mama yake yupo nyumbani jioni. Nimekwenda kumwona mwalimu mkuu, dada mmoja Mwislamu, nikamwuliza kipindi cha dini ni siku gani. Akafungua ratiba ya ukutani akanionyesha: Jumatano, saa nne na nusu. Akasema kwa upande wa Wakatoliki hakuna jina lililoandikwa. Nimemwachia langu. Baba Paroko, nahitaji katekisimu za kutosha watoto 80 kwa kuanzia, na kama kuna mtu ana tairi ya baiskeli, namba 26.